Barua ya shule imekuja kwa Kikatalani na mimi nimesoma Kihispania mwaka mzima, nimeliwa?

mama_junior

Habari za humu jamani, naomba msaada na msinicheke. Nina wiki tatu tu hapa Girona, jimbo la Catalonia huku Hispania, nimemfuata baba Junior ambaye yuko huku kikazi tangu mwaka jana. Kabla ya kuja nimekaa mwaka mzima na simu mkononi najifunza Kihispania kila usiku nikishamaliza vyombo, yo como, tú comes, nikajiona nimeiva kabisa.

Sasa Ijumaa Junior, ana miaka 8, kapewa karatasi shuleni ailete nyumbani. Nafungua nasoma naona hii sio ile lugha yangu. Kuna "amb", kuna "els", kuna "dilluns". Sentensi moja imeanza na "Cal portar", nikaingia kwenye kamusi, cal ni chokaa!! Nikamwambia mume wangu shule inataka chokaa labda wanapaka ukuta. Na yeye hajui, kazini kwake wanaongea Kiingereza na Kihispania cha kuokoteza.

Maswali yangu ni haya. Hicho Kikatalani ni lahaja ya Kihispania au ni nini, na kama ni lahaja mbona siambulii kitu? Mtoto atafundishwa kwa lugha gani, maana hata "hola" ndo kwanza ameizoea, si tutamvuruga kichwa? Halafu shemeji yangu anatushawishi tuhamie Bilbao au Valencia anasema kuna kazi, je huko wanaongea Kihispania cha kawaida? Au mwaka wangu ndo umeenda na maji?

dada_wa_Sabadell

Karibu mdogo wangu, hujaliwa. Ila hilo la chokaa nimecheka mpaka chai imenipalia. "Cal" kwa Kihispania ni chokaa kweli, ila kwa Kikatalani ni "inatakiwa, inabidi". Cal portar ni inatakiwa kuleta. Usipeleke chokaa.

Mtoto atasoma kwa Kikatalani, hapo usijidanganye. Tangu sheria ya 1983 shule za huku zilianza kuelekea huko, hesabu, sayansi, nyimbo, hadi mwalimu akimkemea mtoto asikimbie koridoni anamkemea kwa Kikatalani, na Kihispania kinakuwa somo na vipindi vyake. Kuna kesi miaka na miaka, mwaka 2020 mahakama kuu ya Catalonia ilisema angalau asilimia 25 ya masomo iwe kwa Kihispania, serikali ya jimbo nayo ikaleta sheria yake 2022, wanavutana tu kama kamba. Wewe ulizia kitu kinaitwa "aula d'acollida", ni darasa la kupokelea watoto waliotoka nje, wanamtoa kwenye darasa lake masaa kadhaa wanamfundisha lugha taratibu na wenzie.

Wa kwangu wa kwanza alikuja na miaka 7. Alikaa kimya karibu miezi mitatu, kimya kabisa shuleni, mwalimu ananiambia usijali, mimi nalia chooni. Halafu siku moja nawasikia bafuni anagombana na mdogo wake kisa sabuni, wanagombana kwa Kikatalani! Na Kihispania hakuna aliyekaa chini kumfundisha, alikiokota uwanjani kwenye mpira maana mtaani kwetu watoto wengi wakicheza wanatumia hicho. Sasa hivi ananisahihisha zote mbili na dharau juu.

Kuhusu wewe, Kihispania chako kitakubeba sokoni, hospitali, benki, kila mtu hapa anakijua. Na ndo mtego wenyewe. Wakatalani wakiona sura ngeni wanageuza wenyewe kwenda Kihispania, kwa adabu tu, wanadhani wanakusaidia. Mimi nimekaa miaka minne hivyo, nikienda kwenye birthday ya mtoto wamama wanaongea wenyewe kwa wenyewe Kikatalani, wakinigeukia ni Kihispania, wakimaliza wanarudi kwao, nabaki na sahani yangu ya keki. Siku nilipothubutu kusema "parla'm en català, si us plau", yaani niongeleshe Kikatalani tafadhali, yule mama jirani alinishika mikono yote miwili. Watafute Consorci per a la Normalització Lingüística, wana madarasa ya watu wazima na yale ya mwanzo hayalipiwi, na kuna Voluntariat per la llengua wanakuunganisha na mtu mnakutana kupiga stori tu.

Kichwa_Ngumu

Mi huwa siwaelewi hawa watu, kama kila mtu anajua Kihispania hayo mengine ya nini? Nchi moja, lahaja kumi, mtoto mgeni anateswa. Si ni kujitenga tu, kesho utasikia wanataka pasipoti yao.

mwl_mstaafu

Kijana wangu Kichwa Ngumu, na wewe binti mama Junior, nijibu wote kwa mkupuo.

Lahaja ni pale ambapo lugha ni moja watu wanaitamka na kuipamba tofauti. Kikatalani hakikutoka kwenye Kihispania. Vyote viwili vimetoka kwenye Kilatini, ni ndugu wa tumbo moja, mmoja akapata ufalme mkubwa mwingine akabaki na wa pwani. Angalia dirisha. Kihispania ni ventana, Kikatalani ni finestra, na Mwitaliano naye anasema finestra. Kula ni comer kwa Kihispania, Kikatalani menjar, Mfaransa manger. Unaona kimeegemea upande gani? Kina kamusi yake iliyotengenezwa na Pompeu Fabra ikatoka 1932, kinaongelewa Catalonia, Valencia, visiwa vya Balearic, Andorra ambako ndo lugha rasmi pekee, sehemu ya kusini mwa Ufaransa, hadi mji mmoja kule Sardinia unaitwa Alghero. Ukimwambia Mkatalani anaongea lahaja, kwake ni tusi. Ndo maana wengi huku hata hawasemi "español", wanasema "castellano", yaani lugha ya Castilla, kwa sababu kwao hizo zingine nazo ni za Hispania vilevile. Binti, shika hilo neno, litakuondolea lawama nyingi.

Katiba yao ya 1978 kifungu cha 3 imelisema hivyohivyo, Kikastilia ni lugha rasmi ya dola na kila raia ana wajibu wa kukijua, halafu lugha zingine za Hispania nazo ni rasmi kwenye majimbo yao. Kikatalani, Kivalensia, Kigalisia, Kibaski. Na kule milimani kwenye bonde la Aran kuna Kiarani, ambacho ni aina ya Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, sheria mama ya Catalonia ya 2006 ikakifanya rasmi jimbo zima ingawa bonde lenyewe ukipiga kelele upande huu wanakusikia upande ule. Kiasturia na Kiaragoni havina bahati hiyo, vinalindwa na sheria ila sio rasmi, na Waasturia wanaandamana kwa ajili hiyo mpaka leo.

Sasa kijana, unauliza ya nini. Muulize mzee yeyote huko aliyesoma shule wakati wa dikteta Franco, 1939 mpaka 1975. Shuleni Kihispania tu, ofisini Kihispania tu, hata mtoto ukienda kumuandikisha jina Jordi karani anaandika Jorge. Watu waliongea lugha yao jikoni wakiwa wamefunga dirisha. Kwa hiyo leo ukiona mtu mzima anang'ang'ania risiti ya mkate iandikwe kwa lugha ya mama yake, usimwambie anajitenga. Bungeni Madrid kwenyewe ni Septemba 2023 tu ndo wameruhusu Kikatalani, Kibaski na Kigalisia kutumika kikao kizima, wabunge wanavaa spika za masikioni kutafsiriwa. Siku ya kwanza wabunge wa Vox, chama cha mrengo wa kulia kabisa, walitoka nje na spika zao wakaenda kuziweka kwenye kiti cha waziri mkuu Sánchez. Nilicheka, lakini ujue jambo hili bado kidonda.

Kichwa_Ngumu

Sawa mwalimu, lahaja nimeifuta. Ila mtoto mgeni bado namuonea huruma.

Mbaski_wa_kuja

Mama Junior niko Bilbao, jimbo la Wabaski, mwaka wa sita, nafanya jikoni. Shemeji yako kakwambia kazi zipo, ni kweli, lugha hajakwambia.

Bilbao mjini utasikia Kihispania siku nzima, usiogope. Ila kila kibao kina majina mawili, Donostia / San Sebastián, Vitoria-Gasteiz, na ukitoka nje ya mji ukaenda Bermeo au Azpeitia utakuta watoto wanacheza kwa Kibaski, euskara wenyewe wanavyoita. Hiki sasa sio ndugu wa mtu. Sio Kilatini, sio chochote, wataalamu wameshindwa kukipatia ukoo. Dirisha ni leiho. Meza ni mahai. Hakuna pa kushika.

Shule zao kuna model tatu unachagua, A ni Kihispania na Kibaski kama somo, B nusu kwa nusu, D yote Kibaski na Kihispania kama somo. Wazazi wengi sasa wanachagua D, hata wasiojua neno, kwa sababu mtoto atatafuta kazi hapahapa na kazi nyingi za serikali zinadai cheti.

Ila nikwambie siri moja, mimi nilipoingia darasa la Kibaski, euskaltegi, Wahispania waliokuwa na mimi walikuwa wanalia na mimi natabasamu. Kwa nini? Nyumba ni etxe. Nyumbani, etxean. Kutoka nyumbani, etxetik. Unabandika mkia tu mwisho kama sisi tunavyobandika -ni. Halafu kitenzi. Mhispania anashangaa eti kitenzi kimoja kinabeba anayetoa, anayepewa na kinachotolewa, "ematen dizut", mwalimu anachora mishale ubaoni nusu saa, mimi nikasema si "nakupa" hiyo? Basi! "Ikusi zaitut", nimekuona. Mimi, wewe, vyote viko ndani. Wakaniangalia kama mchawi. Sijafika mbali, bado nasema "ez dakit" kwa kila kitu, yaani sijui, ila woga uliisha siku ile.

Kitu kimoja, Kibaski cha darasani ni batua, kile walichokiunganisha kuanzia 1968 kutoka kwenye lahaja zao ili waandike pamoja. Bibi wa kijijini anaongea cha kwake. Nilimsalimia bibi mmoja kwa batua safi kabisa akaniuliza kama natangaza habari za TV.

chungwa_la_Valencia

Naona mwalimu kapita haraka kwenye Kivalensia, ngoja nimsaidie kabla mtu hajapigwa.

Dada, ukija Valencia usiseme "nyie huku mnaongea Kikatalani". Hata siku moja. Lugha ni ileile, akademia yao wenyewe, Acadèmia Valenciana de la Llengua, ilitamka hivyo mwaka 2005 na nasikia siku zile mji haukulala, ila jina ni Kivalensia na kwenye sheria yao ni Kivalensia. Kuna watu huku watakuapia ni lugha mbili tofauti na hawajawahi kushindwa kuelewana na mtu wa Barcelona hata dakika moja. Mimi mpangaji, sijiingizi. Nikiwa Valencia naongea Kivalensia, nikipanda treni kwenda Barcelona naongea Kikatalani, maneno yaleyale.

Kihispania mjini hapa ni kingi kuliko huko kwenu Girona, hilo ni kweli. Girona bibi dada umetupwa kwenye kina kirefu, huko ndo kwenyewe.

Almeria_plastiki

Nyie mnazungumzia lugha zingine, mimi niko Almería kwenye mashamba ya mabanda ya plastiki, huku lugha rasmi ni Kihispania PEKE YAKE na bado sikuelewa kitu miezi miwili ya kwanza. Nilisoma kama wewe kwa simu, yule dada wa kwenye simu anatamka kila herufi. Nikafika, bosi ananiambia "do día ma". Nikakaa nawaza, do? día? ma? Kumbe dos días más, siku mbili zaidi, wamekula s zote tatu. Cansado ni cansao, pescado ni pescao. Hiyo sasa ndo lahaja mwalimu anayosema. Na kuna jamaa yetu alitoka hapa akaenda visiwa vya Canary, huko basi la abiria wanaliita guagua, na kwenye kisiwa cha La Gomera watu wanapiga mluzi Kihispania kutoka mlima huu hadi ule, sio utani, watoto wanafundishwa shuleni tangu 1999 na UNESCO wakauweka kwenye orodha ya urithi 2009. Kwa hiyo ukisema "Kihispania cha kawaida" sijui utakikuta wapi, labda kwenye simu yako.

Ila mwaka wako haujapotea. Ukishajua más, kusikia "ma" ni wiki moja.

baharia_Vigo

Nami niseme la huku juu kushoto maana mnatusahau siku zote. Vigo, Galicia. Mimi Kireno nilikuwa nacho tangu zamani, nikashuka bandarini nikasikia watu wanapakua samaki nikajua nimefika Ureno kimakosa. Kigalisia na Kireno zamani vilikuwa kitu kimoja, mpaka wa nchi ukapita katikati. Mjini wengi wanaongea Kihispania, vijijini na kwenye maboti ni Kigalisia, na hata wakiongea Kihispania utawajua, hawasemi "he comido", nimekula, wanasema "comí" tu, nilikula, hata kama wamekula dakika hii, maana Kigalisia chao ni "comín" na hakina ule wakati mwingine.

Tofauti na Wakatalani, hawa hawatakuambia kitu. Mzee ninayefanya naye kazi kaongea na mimi Kihispania mwaka mzima, siku nikamjibu kwa Kigalisia, hakutabasamu, hakushangaa, akaendelea kwa Kigalisia na hajawahi kurudi tena kwenye kile kingine.

mama_junior

Jamani asanteni, mwalimu shikamoo, nimesoma mara mbili mbili. Kwa hiyo Bilbao nimeiweka pembeni kwanza, nikishindwa ndugu wa tumbo moja huyo asiye na ukoo ntamuweza wapi. Tunabaki hapahapa.

Sasa la mwisho. Nyumbani niongee naye nini? Mwalimu wake Ijumaa kwa ishara ishara kama kaniambia niongee naye Kihispania nimsaidie. Na mimi Kihispania changu mwenyewe ni cha kuomba maji.

dada_wa_Sabadell

Kiswahili. Kiswahili tu mdogo wangu. Mimi nilifanya hilo kosa na wa kwanza, nikawa namuongelesha Kihispania changu kibovu, akajifunza makosa yangu yote, na leo bibi yake akipiga simu wanaangaliana tu kwenye video wanapungiana mikono. Wa pili nimemuongelesha Kiswahili tangu siku ya kwanza, Kikatalani chake hakina kasoro na anamtania bibi yake. Shule ina Kikatalani, uwanja una Kihispania, hivyo havihitaji msaada wako. Hicho kingine asipokipata kwako hakuna dirisha lingine hapo Girona atakakokichukulia.

mwl_mstaafu

Marahaba binti. Nakazia hapo kwa dada.

mama_junior

Nimeelewa dada, nimeelewa kabisa.

Basi nisaidieni hii karatasi nikalale. Nimeiandika kama ilivyo: "Cal portar una fotocòpia del carnet de vacunacions. La reunió serà dilluns a dos quarts de cinc." Hiyo ya kwanza sasa naijua, kadi ya chanjo. Reunió ni mkutano. Halafu dos quarts de cinc, dos ni mbili, cinc nadhani ni tano, quarts ni robo? Robo mbili ni nusu. Kwa hiyo saa tano na nusu zao, yaani kwetu saa kumi na moja na nusu jioni. Niko sawa?

dada_wa_Sabadell

Hapana!! Hapo kila mgeni anaangukia. Wao wanahesabu robo za saa inayokuja. Dos quarts de cinc ni robo mbili za kuelekea tano, yaani 4 na nusu. Kwetu saa kumi na nusu jioni. Ungeenda kwa hesabu yako ungekuta wanafagia.

chungwa_la_Valencia

Huku tunasema "les quatre i mitja", nne na nusu, kwisha. Lugha ileile lakini sisi tuna huruma.

mama_junior

Hahaha kweli ningekuta wanafagia. Na hiyo dilluns ni tarehe au?

dada_wa_Sabadell

Ni siku. Wenzetu wanaweka "di" mbele ya kila siku kama sisi tunavyoweka "juma". Dilluns, dimarts, dimecres, dijous, divendres, dissabte, diumenge. Leo ni diumenge, Jumapili. Dilluns ni Jumatatu.

mama_junior

Subiri kwanza. Jumatatu si ni KESHO?

Ngoja nikatafute hiyo kadi ya chanjo, iko kwenye begi ambalo hatujalifungua tangu tufike.